Pesti ya Joto: Tazama Unene Kabla ya Jina

Aprili 2012 Intel ilitoa prosesa za Ivy Bridge. Core i7-3770K ilikadiriwa kutumia wati 77, wakati i7-2600K ya kizazi kilichotangulia, Sandy Bridge, ilikadiriwa wati 95. Mtu angetarajia ile mpya iwe na joto dogo. Mambo yakawa kinyume: wapenzi wa kompyuta walioisukuma ikimbie kupita kasi ya kiwandani waliona joto likipanda upesi, hata walipotumia kipoza kilekile cha zamani.

Sababu moja ilikuwa wazi. Chipu ilikuwa imepungua kutoka milimita za mraba 216 hadi 160, kwa hiyo joto lilikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Sababu ya pili ilijificha chini ya mfuniko wa chuma unaofunika chipu. Sandy Bridge ilikuwa imeunganishwa na mfuniko huo kwa lehemu ya indiamu. Ivy Bridge ilipakwa pesti ya joto.

Kelele zikaanza: Intel imebana matumizi, imeweka pesti duni! Watu wakachukua wembe, wakakata gundi inayoshikilia mfuniko, wakafuta pesti ya kiwandani na kupaka ya kwao. Joto likashuka sana. Wengi walihitimisha kwamba pesti yao ndiyo iliyofanya kazi. Lakini walipoufungua mfuniko walikuwa pia wamekwangua ile gundi, na gundi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuinua mfuniko mbali kidogo na chipu. Nafasi ikapungua, na tabaka la pesti likawa jembamba.

Tupige hesabu, kwa vipimo vya mfano tu. Chukua wati 77 zinazopita kwenye milimita za mraba 160, na pesti yenye upitishaji joto wa wati 4 kwa mita kwa kelvini. Tabaka likiwa na unene wa milimita 0.1, tofauti ya joto kati ya upande wa chipu na upande wa mfuniko ni kama nyuzi 12. Nunua pesti ya bei kali yenye upitishaji maradufu, unene uleule: nyuzi 6. Sasa rudi kwenye pesti ya kwanza, ila punguza unene hadi milimita 0.03: nyuzi 3.6. Pesti ya bei nafuu imeishinda ya bei kali, na hakuna shilingi iliyoongezwa.

Sielewi kwa nini matangazo ya pesti hushindana kwa tarakimu moja tu, ile ya upitishaji. Kwa kipimo kilekile, shaba hupitisha takriban 400. Hakuna pesti inayokaribia hapo. Kazi ya pesti ni kufukuza hewa, ambayo hupitisha 0.026 tu, kutoka kwenye vishimo vya nyuso mbili za chuma. Ikishaifukuza, kila kinachozidi ni kizuizi.

Lehemu nayo ina gharama zake. Indiamu ni ghali, nyuso zinahitaji kutayarishwa ili ishike, na chipu ndogo inayopashwa na kupozwa mara kwa mara inaweza kuifanya ipate nyufa. Hata hivyo, mwaka 2018 Intel iliirudisha katika kizazi cha 9, pamoja na Core i9-9900K.

Kwenye meza ya fundi, basi, swali la kwanza ni nafasi iliyopo. Prosesa na kipoza vikibanwa kwa skrubu hadi kugusana, pesti ya kawaida ya mafuta ya silikoni na oksidi ya zinki inatosha kwa kazi nyingi. Kwenye kompyuta mpakato, ambako chipu haina mfuniko na joto hupanda na kushuka kutwa, pesti nyepesi husukumwa pembeni kidogo kidogo. Hapo chagua nzito, au karatasi ya joto inayoyeyuka chipu ikipata moto. Chipu za kumbukumbu zilizo mbali na kipoza kwa milimita moja au mbili zinataka pedi laini yenye unene uleule wa pedi iliyotolewa. Kujaza pengo hilo kwa pesti ni kupoteza pesti, na pedi nene mno huinua kipoza chote, prosesa ikabaki haigusi vizuri.

Metali ya maji, mchanganyiko wa galiamu na wenzake, hupitisha joto zaidi kuliko pesti yoyote. Sony waliiweka kwenye PlayStation 5 mwaka 2020, na wakaizungushia kizuizi isivuje, kwa sababu inapitisha umeme. Pia hula aluminiamu. Usiiweke chini ya kipoza cha aluminiamu, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ukipeleka mashine kubadilishwa pesti, usianze kwa kuuliza jina la pesti. Mwombe fundi asafishe nyuso zote mbili hadi zing'ae, apake kiasi kidogo, kisha akaze skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe.