Kumpima Kiongozi Bila Kumwona

Karibu kila ofisi ina fremu ya Dira, Dhima na Maadili ya Msingi pale mapokezi. Ipite tu. Kampuni ya nishati ya Enron nchini Marekani nayo ilijinadi kwa heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora, na Desemba 2001 ikafilisika baada ya udanganyifu wa mahesabu kufichuka. Ufundi wa kiongozi ni kuwafanya watu waelewe kwa pamoja kazi yao ni ya nini, na ufundi huo hukaguliwa kwa walio chini.

Anza getini. Muulize mlinzi: "Hivi hapa hasa mnafanya nini?" Akikukariria ya kwenye fremu, shukuru uendelee. Akikusimulia kisa, kwamba mama mmoja alifika jioni wamekwishafunga, wakafungua tena kwa sababu hii na hii, vuta kiti. Kisha mfuate dereva, halafu mhasibu. Majibu yanayolingana neno kwa neno ni ya semina. Unachotaka ni visa tofauti vinavyoelekea upande mmoja.

Halafu tazama watu wanalipwa kwa lipi, maana hapo ndipo mafundi hasa wanapojulikana. Wangari Maathai alipoanzisha shirika la upandaji miti la Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, hakuwapelekea wanawake wa vijijini mhadhara wa mazingira. Walikuwa wakililia kuni, maji na chakula, naye akawaonyesha mti unavyohusika na vyote vitatu. Ujira wao ulikuwa mdogo, lakini ulitolewa kwa mche ulioshika. Mche uliokauka haukuwa na malipo. Mtu anayelipwa kwa kufukia mche hufukia na kwenda zake. Anayelipwa kwa mche ulio hai huumwagilia, huuzungushia miiba, hugombana na mwenye mbuzi. Kanuni moja ya malipo iliwafundisha lengo la kazi vizuri kuliko bango lolote. Wapo wataalamu wa misitu waliodai kazi ile ni ya waliosomea. Akina mama wakapanda mamilioni.

Chunguza pia kama watu hubishana. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago kwa vidonge vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu, na watengenezaji wake Johnson & Johnson wakarudisha chupa zipatazo milioni 31 kutoka madukani. Wengi husifu uamuzi huo. Mimi nasifu zaidi vikao vya miaka iliyotangulia, ambamo kiongozi wa kampuni hiyo, James Burke, aliwauliza mameneja kama bado wanauamini waraka wa imani ya kampuni wa mwaka 1943, au ung'olewe ukutani. Wakabishana. Balaa lilipofika, hakukuwa na haja ya kuanza kuulizana mgonjwa kwanza au faida kwanza. Nikisikia "ndiyo mzee" tupu kikaoni, mimi huanza kutafuta mlango.

Tahadhari moja: watu kuelewana peke yake si dalili ya ubora. Enron nako walielewana vizuri sana, kwamba kila kitu ni bei ya hisa.

Kipimo kigumu zaidi ni kiongozi kuondoka. Maathai alifariki Septemba 2011. Green Belt Movement bado inapanda miti.