Heko kwa Watafiti wa Maamuzi

Watafiti wa menejimenti hawapigiwi vigelegele, na baadhi ya maandishi yao, kusema kweli, yanachosha. Hata hivyo heko wanastahili. Mwaka 1935 Herbert Simon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichunguza kwao Milwaukee jinsi bajeti ya viwanja vya michezo inavyogawanywa. Vitabu vya uchumi vilidai mwamuzi hupima kila njia, kisha huchagua iliyo bora kuliko zote. Simon hakumkuta mtu huyo. Kutoka hapo likakua wazo lake: binadamu mwenye muda mfupi na taarifa pungufu hushika njia inayotosheleza. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Wanaobeza utafiti wa maofisini wamsome.