Kitanzi si Mshono

Wanapofasiri maelekezo ya kufuma shali na mitandio ya kimia, baadhi ya wafasiri wetu hukiita kila kitanzi cha uzi "mshono". Istilahi hiyo haifai. Mshono huunganisha vitambaa vilivyokwisha kuwapo. Mwenye kufuma kwa sindano mbili hana kitambaa bado. Ana uzi mmoja tu, na kazi yake ni kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi.

Kosa hili lina hasara. Matundu ya kimia hupatikana kwa kuzungusha uzi juu ya sindano, kisha vitanzi viwili vikaunganishwa kuwa kimoja ili upana usizidi. Mwanafunzi wa Mingoyo akiambiwa "shona mishono miwili pamoja", atatafuta sindano yenye tundu. Tena, mshono ukikatika vitambaa huachana. Kitanzi kikiponyoka, vyote vilivyo chini yake hufumuka kimoja kimoja.

Wala lugha haina upungufu. Vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani vyathibitisha ukale wa kazi ya nyuzi pwani ya kusini. Kitanda cha mfumi kina mtande na mshindio. Kimia ni wavu wa mvuvi, na pia ni kitambaa chenye matundu.

Twapendekeza basi kitanzi, safu, kuzungusha uzi na kuunganisha vitanzi. "Mshono" umbakie mshonaji. Wafasiri na walimu waijaribu istilahi hii mbele ya uzi na sindano kabla ya kuiandika.