Yah: Kuomba Kuonana na Meneja Mkuu

Chukua barua ya mfano, niliyoiunga kwa vipande ambavyo kila aliyepita sekondari anavijua. Kijana wa Pongwe anamwandikia mkubwa wa kampuni moja ya Tanga. Juu kulia ameweka anwani yake, sanduku la posta ambalo huenda si lake bali la shule ya msingi au la msikiti wa mtaani, na tarehe chini yake. Kushoto, mistari michache chini zaidi: Meneja Mkuu, jina la kampuni, S.L.P., Tanga. Zinafuata herufi mbili zenye nukta, K.K., yaani kupitia kwa, na mbele yake Meneja Utumishi. Kisha Ndugu. Kisha, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: KUOMBA KUONANA NAWE. Karatasi imefika karibu nusu na kijana bado hajasema anachotaka.

Nusu hiyo ndiyo ninayotaka kuisoma. Wahakiki wetu wamechimba vina na mizani, wamegombana kuhusu mtiririko na masivina, lakini barua rasmi wamemwachia mwalimu wa kidato cha pili aisahihishe kwa wino mwekundu: anwani mbili, kichwa cha habari, jina na sahihi, alama kumi. Nadhani ndio utungo wa Kiswahili ulioandikwa na mikono mingi kuliko mwingine wowote Tanzania, na una umbo lililobana kama la utenzi. Ukilisoma umbo hilo kwa utulivu utaona kwamba halikubuniwa limfikie mkubwa. Limebuniwa lipite kwa watu walio kati yake na mwandishi.

Tuanze na mwandikiwa. Hana jina. Yeye ni cheo, na cheo hakina baba wala ukoo wala mtaa. Mwandishi anaweza kumjua kwa sura, akajua gari lake na msikiti anakoswali Ijumaa, lakini akithubutu kuandika jina lake juu ya barua ataonekana mshamba au mwenye kiburi. Kwa upande wa pili, mwandishi mwenyewe ni jina tupu lisilo cheo, nalo limesukumwa hadi mstari wa mwisho, chini ya sahihi. Ukurasa mzima umelala kati ya cheo kisicho na mtu na mtu asiye na cheo.

Haikuwa hivi daima kwenye pwani hii. Waraka wa zamani wa Mrima, ule wa herufi za Kiarabu, ulianza kwa mtu. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa nyaraka za namna hiyo mwaka 1892, na anayezipitia huona mpangilio uleule ukirudi: ila jenabi fulani bin fulani, sifa zake, dua ya salama, kisha ama baadu, kisha nakuarifu hali yangu njema. Salamu ndizo mwili wa waraka. Haja yenyewe mara nyingi ni sentensi moja fupi, imechomekwa karibu na wasalamu. Msomaji wa leo aliyezoea kichwa cha habari huuona mpangilio huu ni upotezaji wa wino. Mimi naona hesabu ndani yake. Mkubwa aliyekwisha kuitwa kwa jina la baba yake, akatajwa kwa heshima na kuombewa afya, anapofika kwenye haja ameshafungwa. Kukataa baada ya salamu ndefu kiasi hicho ni utovu wa adabu, naye anajua kuwa mleta waraka amesimama barazani anangoja jibu.

Huyo mleta waraka ni sehemu ya umbo, ingawa haonekani kwenye karatasi. Waraka ulibebwa na mtu, na yaliyobaki aliyasema mwenyewe kwa mdomo. Kwa hiyo ufupi wa haja haukuwa upungufu.

Kilichovuruga mpangilio huo kilikuwa kampuni. Tarehe 28 Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, na mwezi Agosti mwakilishi wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alikuwa Pangani akigombana na liwali Abdulgawi bin Abdallah juu ya bendera. Historia ya vita vilivyofuata, na ya Abushiri aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, inajulikana. Kinachonishughulisha hapa ni anwani. Watu wa Pangani walijua namna ya kumwendea Sayyid: nani wa kutangulizwa, lakabu gani itumike, zawadi gani iambatane. Sasa mtawala wao alikuwa kampuni yenye bodi Berlin. Utaandika ila jenabi nani? Aliyekuwa mbele yao alikuwa wakala, na wakala alikuwa na bunduki lakini hakuwa na mamlaka ya kusikiliza.

Hali hiyo haijatoweka, imevaa koti jingine. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kina anwani ya Tanga, lakini kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya hisa za Tanga Cement zilishikwa na AfriSam ya Afrika Kusini, mwaka 2023 zikahamia kwa Scancem iliyo chini ya Heidelberg Materials ya Ujerumani, kisha mwaka 2024 zikanunuliwa na kundi la Amsons la hapahapa nchini. Sisemi hili kwa lawama, hisa ni bidhaa kama nyingine. Nasema tu kwamba sanduku la posta kwenye barua ya kijana wetu halikuhama, ila mwenye neno la mwisho nyuma yake alihama mara mbili ndani ya miaka miwili. Umbo la barua, kwa kumwandikia cheo badala ya mtu, lilikuwa limejiandaa kwa mambo kama hayo. Hilo tulipe sifa yake.

Nani alitufundisha umbo hili? Kwa Tanga jibu moja liko wazi: shule ya serikali ya Wajerumani, iliyofunguliwa mjini mwaka 1892, ambayo baadaye ilichapa gazeti la Kiongozi. Ilitoa makarani, walimu na maakida waliokwenda kuandika Kiswahili cha herufi za Kirumi katika ofisi za bara na pwani. Waingereza wakaja na majalada yao na kuongeza ngazi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani aliyetupa nathari bora kuliko zote za pwani hii, alikula mshahara wa ukarani karibu maisha yake yote ya kazi, forodhani, kisha katika ofisi ya wilaya Tanga na ofisi ya upimaji. Hupenda kuwaza ni maombi ya watu wangapi yalipita mezani kwake, na ni mangapi aliyatamani kuyaandika upya.

Huku mashambani mambo yalikuwa makavu zaidi. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuoteshwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, kutokana na miche 62 iliyonusurika safarini, ulizaa mashamba ambamo manamba aliyetoka Unyamwezi au Ubena hakuwa na karatasi ya kumwandikia meneja hata kidogo. Karatasi yake ilikuwa kipande: vyumba 30 vya kuwekewa alama, kimoja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Kisome kipande kama umbo la maandishi na utaona kwamba kinaandikwa upande mmoja tu. Mnyapara anaandika, karani anahesabu, meneja analipa au halipi. Mwenye kipande anakibeba, na hakuna chumba kilichoachwa wazi kwa neno lake.

Barua angalau inampa mwandishi nafasi ya neno lake, ndiyo maana siidharau hata K.K. Wengi huiona ni uchovu wa ofisini, lakini ndio mstari mkweli kuliko yote ukurasani, kwa kuwa unakiri wazi kwamba kuna mtu mlangoni na kumtaja. Serikalini bado utakuta herufi tatu za Waingereza, u.f.s., zikifanya kazi hiyohiyo. Chimbuko lake ni desturi ya kupeleka barua ikiwa imebandikwa lakiri bila kufungwa, ili kila inayempitia aisome kabla ya kuisukuma mbele. Barua yenye K.K. ni barua iliyo wazi, hata ukiilamba bahasha kwa gundi ya namna gani. Anayemlalamikia Meneja Utumishi kwa Meneja Mkuu, kupitia kwa Meneja Utumishi, hajaandika malalamiko. Amempa mshitakiwa jalada la kesi alipeleke mwenyewe mahakamani.

Ikishapita hapo inaingia masjala. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, inatobolewa na kufungwa kwenye jalada. Karani au ofisa anaandika dokezo: mistari miwili mitatu ya kumweleza mkubwa folio hiyo inataka nini na yeye anashauri nini. Mkubwa mwenye majalada arobaini mezani husoma dokezo. Barua yenyewe ataifunua akipenda.

Hapa ndipo YAH inapopata uzito. Kati ya maneno yote ya kijana wa Pongwe, hayo ya herufi kubwa ndiyo yatakayonakiliwa kwenye dokezo, na pengine hayo peke yake. Yatazame basi: KUOMBA KUONANA NAWE. Kitenzi kimebaki kwenye nomino yake, hakina mtendaji wala wakati. Nani anaomba? Kwa nini? Lini? Mwandishi amejifuta mahali pekee ambapo sauti yake ingefika juu. Linganisha na kichwa kama hiki: MALIPO YA VIBARUA 14 WA MACHI AMBAYO HAYAJATOLEWA. Hakiombi kitu, hakina hata adabu ya kutosha, lakini ofisa akikinakili kwenye dokezo amebeba shauri zima bila kukusudia. Ningekuwa mwalimu wa kidato cha pili ningetoa alama tano kwa YAH na kugawa zilizobaki.

Sentensi ya kwanza baada ya YAH huchekesha kila mgeni: Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Msomaji ametoka hukohuko juu, macho yake yamesafiri inchi moja, na sasa anaombwa arudi. Wataalamu wa uandishi wa ofisini wameshauri mara nyingi iondolewe, nayo haiondoki. Nadhani nimeelewa sababu. Ni hodi. Waraka ulipoporwa salamu zake, mwandishi wa pwani aliachwa amesimama mlangoni bila la kusema kabla ya kuingia, na haingii bila kusema kitu. Akajaza pengo kwa sentensi isiyo na maana yoyote isipokuwa kwamba kuna mtu hapa nje. Kama maelezo, sentensi hiyo ni takataka. Kama adabu inafanya kazi, na sitaki ifutwe.

Baada yake lugha inageuka ya kituo cha polisi: mimi mtajwa hapo juu, mkazi wa, mwenye umri wa. Vitenzi vinaingia katika kutendwa. Ombi langu litapokelewa, litafikiriwa, litapewa kipaumbele. Na nani? Sarufi inamlinda mkubwa kabla katibu muhtasi hajainua kichwa kusema mzee yuko kwenye kikao. Mwandishi mwenyewe ndiye anayeujenga ukuta huo, kitenzi kwa kitenzi, kwa kudhani ndiyo heshima. Waraka wa zamani ulikuwa na heshima maradufu na ulisema tafadhali nipe.

Mwongozo wa TANU wa 1971, kwa ibara yake ya 15 iliyokataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, uliwapa wafanyakazi maneno ya kuwatupia mameneja usoni, na viwandani baadhi ya mameneja walifungiwa milango nje. Kwenye karatasi mageuzi yalikuwa madogo: Bwana akawa Ndugu. K.K. ilibaki palepale. Ndugu inayopitia kwa watu watatu ni undugu wa mbali.

Kilichokuja kuushinda mfumo wote huu ni karatasi ndogo kupita zote. Kimemo hakina anwani, hakina YAH, mara nyingine hakina hata tarehe. Mkubwa mmoja anamwandikia mwenzake nyuma ya kadi yake, kwa mkono: msikilize kijana huyu. Sahihi. Mwenye kadi anapita getini, anapita kwa katibu muhtasi, anaingia. Kwa umbo, kimemo ni waraka wa zamani uliorudi kinyemela: una jina la mtu, una ufupi wa haja, una mleta ujumbe aliyesimama mbele ya mwandikiwa. Kama mhakiki nakiri ni utungo uliokamilika. Kama raia naona ubaya wake mkubwa hauko katika ufupi, uko katika kutokuwa na folio. Kijana akiajiriwa kwa kimemo, jalada halina ushahidi kwamba yuko aliyemtangulia kwenye foleni. Ujumbe wa simu wa siku hizi, ule wa shikamoo mzee samahani kwa usumbufu, ni kimemo ambacho mtu amejiandikia mwenyewe, ndiyo maana haujibiwi.

Kijana asiye na wa kumwandikia kimemo amebakiwa na mstari mmoja, nao uko chini kabisa, kushoto, baada ya natanguliza shukrani na wako mtiifu. Nakala. Vitabu vya shule huutaja mstari huu kwa haraka kana kwamba ni suala la utunzaji wa kumbukumbu. Kwa kweli ndio mahali pekee ambapo mwandishi anaruhusiwa kuwataja watu wengine bila kupitia kwa yeyote. Nakala haina K.K. Inakwenda moja kwa moja, na inamweleza kila msomaji wa njiani kwamba si yeye peke yake anayesoma. Ofisa Kazi, Tanga. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katibu wa chama cha wafanyakazi. Toni ya barua inaweza kubaki ya kunyenyekea mwanzo hadi mwisho, mtajwa hapo juu, litapokelewa, mtiifu, na mistari hiyo mitatu ikaibadilisha yote kuanzia chini kwenda juu. Meneja Utumishi aliyekuwa tayari kuandika kwenye dokezo kwamba folio hii ni kwa taarifa tu, akizifikia nakala hulifuta neno taarifa na kuandika: kwa maelekezo yako.