Vyura wa Kihansi: Hesabu ya Uzazi Iliyowashinda Wafugaji

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walitolewa Korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa, wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Walipokelewa Bronx Zoo, New York, na baadaye wakagawanywa katika bustani kadhaa za wanyama. Kufikia mwisho wa 2004 waliobaki hai hawakutimia 70, na ni bustani mbili tu zilizofanikiwa kuwatunza: Bronx na Toledo, Ohio. Huku nyumbani tulibishana kama chura anastahili nauli ya ndege. Swali lenye utamu zaidi halikuulizwa sana: ilikuwaje mnyama aliyeonekana rahisi kufugwa akawashinda wafugaji waliobobea?

Alionekana rahisi kwa sababu hatagi. Vyura wengi humwaga mayai kwa mamia au maelfu kwenye dimbwi, na mfugaji wao huhangaika na maji ya viluwiluwi, chakula cha viluwiluwi, kisha chakula kingine kabisa wakishaota miguu. Chura wa Kihansi, ambaye wanasayansi walimpa jina la Nectophrynoides asperginis, amejiepusha na adha hiyo. Mbegu za dume hukutana na mayai ndani ya mwili wa jike. Mayai hubaki kwenye mirija ya uzazi, kiluwiluwi hulishwa na kiini cha yai lake, hubadilika humo humo, na kinachotoka ni chura kamili wa milimita 5 hivi. Si jambo geni katika milima yetu. Mwaka 1905 Gustav Tornier wa Berlin alikwishaueleza ulimwengu kuhusu chura anayezaa, kutokana na vielelezo vilivyotoka nchi hii wakati wa Wajerumani.

Tatizo liko kwenye idadi. Jike wa Kihansi, ambaye mwenyewe hafikii sentimita 3, huzaa watoto kati ya 5 na 16 hivi kwa mkupuo. Chura anayetaga maelfu anaweza kupoteza karibu uzao wote na bado msimu mmoja mzuri wa mvua ukafidia hasara. Chura wa Kihansi hana fidia ya namna hiyo. Ukipoteza majike kumi umepoteza uzao wenyewe, maana hakuna akiba ya mayai iliyolala popote. Kwa maoni yangu hapa ndipo ufugaji wa miaka ile ya mwanzo ulipokwamia: kila kifo cha mama kilikuwa na uzito ambao kwa chura wa dimbwini kisingekuwa nao.

Na akina mama walikufa. Uchunguzi wa mizoga ulikuta, miongoni mwa mengine, minyoo ya mapafu. Minyoo ya jamii hii huingia kupitia ngozi, mabuu yake yakisubiri kwenye udongo wenye unyevu. Sasa mtazame mgeni huyu: ameumbwa kwa manyunyu ya maporomoko, ngozi yake haivumilii ukavu, na mtoto wa milimita 5 hunyauka upesi kuliko mama yake. Lazima umnyunyizie maji mara kwa mara. Lakini kisanduku cha kioo kilicholowa mchana na usiku ndicho pia makazi bora ya mabuu ya minyoo. Korongoni kinyesi na mabuu huchukuliwa na maji yanayopita bila kukoma. Ndani ya kisanduku vinazunguka palepale, na chura yuleyule anaambukizwa tena na tena. Dawa peke yake isingetosha bila usafi wa sakafu na maji.

Chakula nacho kilileta shida. Mdomo wa mtoto ni mdogo kiasi kwamba hata inzi wa matunda anaweza kuwa tonge kubwa. Ilibidi wafugaji wazalishe vijidudu vya kwenye majani yaliyooza na nyenje waliototolewa punde, kisha wawapake unga wa vitamini na madini. Taa za mionzi ya urujuanimno ziliongezwa, kwa kuwa bila mionzi hiyo mifupa haijengeki sawasawa. Baada ya mahitaji haya kueleweka, idadi ilipanda hadi maelfu.

Korongoni mambo yalikwenda kinyume. Mitambo ya kuzalisha umeme wa maji ya Kihansi, ya megawati 180, ilikuwa imechukua takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakiporomoka, na makazi ya chura yalikuwa hekta 2 hivi tu. Mwaka 2001 mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, na katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wametoweka. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura, kitridi, aligunduliwa humo mwaka huohuo. Wapo wanaoshuku pia viuatilifu vilivyosafirishwa na tope lililofunguliwa bwawani, na mjadala huo sidhani utafungwa. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kumrudisha kulifanywa kwa uangalifu ambao mashabiki wa mbwembwe za uzinduzi wangeuona wa kuchosha. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi na kuwekwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kuwaachia, watafiti walileta udongo na mimea ya korongoni wakawaweka humo baadhi ya vyura, pamoja na vyura wa aina nyingine za kwetu waliotumika kama wapima hatari. Kama kuvu bado alikuwamo, afadhali aonekane kituoni. Majaribio hayo yalipotoa matokeo ya kutia moyo, ndipo mwaka 2012 urejeshaji korongoni ukaanza, kwanza kwa kundi dogo la majaribio.

Taarifa za urejeshaji hupenda kutaja idadi ya walioachiwa. Mimi ningeanza na kipimo kingine: vyura wa milimita 5 waliokutwa kwenye majani mabichi, mbali na sehemu walikoachiwa wakubwa. Hao hawakuletwa na mtu. Wakionekana mwaka baada ya mwaka, wakakua na kuzaa wao wenyewe huku mabomba yakiendelea kunyunyiza, hapo ndipo hesabu ya 5 hadi 16 itakuwa imeanza tena kufanya kazi Kihansi.