Mlango Usio na Komeo

Ziko kampuni ambazo programu zao huzunguka usiku na mchana katika kurasa za magazeti kwenye intaneti, zikikwangua habari na kumpelekea mteja anayelipa. Mtafiti anayehesabu maneno simlaumu. Namsema anayeuza jasho la mwandishi.

Meltwater ilizifanyia hivyo habari za Associated Press: kichwa, sentensi za mwanzo, na kipande chenye neno alilolitaka mteja. Iliposhitakiwa huko New York ilijitetea kuwa ni mtambo wa kutafutia tu, wenye kumwelekeza mtu kwenye gazeti. Lakini wateja walikwenda kuisoma habari yenyewe mara 8 tu katika 10,000! Ikadai tena kwamba wenye tovuti hawakuweka robots.txt, lile faili la kuzizuia programu hizo, basi wameruhusu. Hebu zingatia: jirani asiyetia komeo amekukaribisha uchukue sufuria zake? Na faili lenyewe, utaratibu wa tangu 1994, ni ombi tu, wala halina kufuli.

Machi 2013 mahakama iliyakataa yote mawili. Julai mwaka huohuo pande mbili zilipatana na kukubali kushirikiana, jambo ambalo lingaliwezekana tangu mwanzo kama hodi ingalipigwa.