Kifua na Macho

Mtoto wa kiume kwetu hufundishwa kujikaza kabla hajafundishwa kusoma. Akianguka huambiwa anyamaze, yeye ni mwanamume. Akipelekwa jandoni huambiwa hivyohivyo, na mara hii kisu kipo. Anapobalehe, uso wake umeshazoea kuficha. Halafu mpandishe jukwaani, umwambie aogope, alie, apige magoti kwa mkewe, na watu wote wanamtazama.

Amri Athumani, yaani King Majuto, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliifanya kazi hiyo tangu jukwaani hadi kwenye filamu za vichekesho zilizojaa majumbani mwetu. Aliigiza mabahili, waoga, wazee wanaojiona bado vijana. Mtazame anapotishwa. Hakimbii papo hapo. Kwanza anatunisha kifua na kumwaga maneno ya ubabe, huku macho yameshatafuta mlango. Kifua kinatangaza mwanamume, macho yanamsuta. Mcheshi wa kubabaisha angeruka na kupiga yowe tu, tukacheka mara moja tukasahau. Majuto alitucheka sisi, na tulijua.

Kulia nako ni hivyo. Wapo wanaojipaka dawa ya kuchua chini ya macho ili machozi yatoke, na kweli yanatoka, lakini koo na mabega vimetulia tuli. Mwanamume anayelia kwelikweli huanza kwa kukataa: anameza mate, anatazama pembeni, anajifanya kukohoa. Tunachosikitikia ni ule ubishi wake, machozi yanakuja baadaye. Kwa hiyo kule kujikaza tulikofundishwa utotoni si hasara kwa mwigizaji. Ndio mtaji wake, ilimradi ajue pa kuuachia upenyo. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28, alikuwa na sura na umbo la kumtosha kusimama tu apendwe, na bado hakuona haya kulia mbele ya kamera.

Sijamsahau Lucas Mhuvile, Joti wa kundi la vichekesho la Orijino Komedi. Akivaa kanga akawa mwanamke, wapo wanaonung'unika kwamba anajidhalilisha. Mimi naona ujasiri, na zaidi naona kazi: kubana sauti anaweza kila mtu, lakini kukaa, kunyanyuka na kumpima mgeni kwa jicho kama mama wa mtaani ni lazima uwe umewatazama wanawake kwa makini, jambo ambalo wanaume wengi hatulifanyi hata nyumbani.

Filamu zetu nyingi bado zinamtaka mwanamume wa suti, miwani myeusi na gari, asiyetetereka kwa lolote. Huyo anachosha baada ya dakika kumi, maana hana anachoficha. Majuto alifariki Agosti 8, 2018, akazikwa kwao Tanga. Wazuri wa sura wamejaa tele. Wa kuziba pengo lake sijamwona.